Waliniambia ni fangasi tu

Juzi jioni nikiwa Kibuye nanunua omena simu ikalia, ni mama mmoja wa Kakamega tulijuana kwa grupu ya WhatsApp ya akina mama wa watoto njiti. Mtoto wake ana wiki tatu, kilo moja na nusu robo hivi, na asubuhi hiyo kwa raundi alikuwa amesikia daktari akisema kalcha ya mkojo, yaani kuotesha mkojo maabara kuona una vijidudu gani, imetoa fangasi. Akaniuliza, "Dada, si hiyo ni fangasi tu?" Nikasimama hapo hapo katikati ya soko na mfuko mkononi nikakosa jibu fupi. Nikamwambia nitakupigia nikifika nyumbani, nikampigia, tukaongea karibu saa nzima, na tulipomaliza nikaona wacha niandike yote, juu najua si yeye peke yake ameambiwa hiyo "tu".

Mimi si daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Haya nayaandika kwa sababu niliyapitia na msichana wangu, na kwa sababu yule daktari wetu alikuwa na subira ya kunieleza kila kitu mara mbili mara tatu, na mimi nilikuwa naandika kwa daftari la shule vile ninavyozoea. Hospitali sitaitaja, na dozi nitakazoandika ni zile nilielezewa, mtu asizitumie kujipimia mtoto nyumbani jameni.

Msichana wangu alizaliwa wiki ya 27 ya mimba, gramu 940. Presha ya ujauzito ilinipanda ghafla, nikadungwa zile sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, zikapata muda wa siku moja tu kufanya kazi kabla hawajanikimbiza thieta. Sitaongea sana juu ya siku hizo za kwanza. Alikuwa ndani ya inkubeta na mashine ya sipapu puani ya kumsaidia kupumua, laini, yaani mrija mwembamba wa mshipani, imeingizwa kitovuni, baadaye wakaweka laini nyingine ndefu mkononi ya kupitishia chakula cha dripu, yale maji ya sukari na protini na mafuta meupe. Antibayotiki alianzishwa siku hiyo hiyo, penisilini na jentamaisini, halafu alipozorota siku ya sita wakambadilishia zile kali zaidi. Zilimsaidia, sitaki mtu asome hapa akafikiri nalaumu antibayotiki. Lakini baadaye ndio nilikuja kuelewa kwamba zikiua bakteria wabaya zinaua na wale wazuri wanaokaa tumboni na kwa ngozi, na nafasi ikibaki wazi kandida, ndiyo hiyo fangasi yenyewe, inajaza. Kandida iko kwa watu wengi, huenda kwangu, kwako, kwa mikono ya sista, na kwa mtu mzima mwenye afya inakaa kimya. Kwa mtoto wa gramu 940 ngozi ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu, askari wa mwili ni wachache na hawajakomaa, kuna laini imeingia mpaka mshipa mkubwa, kuna mafuta ya dripu ambayo fangasi inayapenda, na ana wiki nyingi za kukaa hospitali. Kila kitu kilichokuwa kinamweka hai kilikuwa pia ni mlango.

Siku ya 19 ndio alianza kubadilika, na enyewe ilikuwa vitu vidogo vidogo. Maziwa yangu, alikuwa amefika mililita nne kila baada ya masaa matatu kwa mpira wa puani, yakaanza kurudi. Tumbo likajaa. Akawa anasahau kupumua, ile mashine inalia, sista anamgusa mguu, anakumbuka. Sukari ikapanda bila sababu. Joto lake likawa halitulii, mara juu mara chini. Damu ikipimwa pletileti, zile chembe za kugandisha damu, zimeshuka sana. Hakuna kitu hapo kinasema "fangasi" na hiyo ndio shida yake, inafanana na infeksheni nyingine yoyote ya mtoto mchanga. Wakachukua damu ya kalcha, wakambandikia kimfuko cha plastiki cha kukinga mkojo.

Siku tatu baadaye jibu la mkojo likarudi, kandida. La damu likawa safi.

Nikapumua. Nakumbuka vizuri nilipumua, nikatoka nje nikampigia mume wangu nikamwambia asante Mungu, damu ni safi, ni fangasi tu kwa mkojo. Na kila mtu niliyemwambia alirudia hilo neno. Jirani yangu ambaye ni nesi, mtu namheshimu sana, aliniambia kwao wodi ya wazee wanaona hiyo kila siku, wanatoa kateta, ule mpira wa mkojo, na inaisha yenyewe, hata dawa mara nyingi hawatoi. Na unajua hakunidanganya! Kwa mtu mzima mwenye kateta ambaye haumwi, huwa ni hivyo kweli. Shida ni kwamba ile sheria ya mtu mzima ina watu ambao haiwahusu, na watoto waliozaliwa chini ya gramu 1500 wametajwa waziwazi kati yao. Huyo anatibiwa hata kama anaonekana mzima, na wangu hakuonekana mzima.

Dani yake, yaani mama mkwe, yeye alikuwa na lake. Alisafiri kutoka Siaya na matatu ya asubuhi, akaniketisha kwa benchi nje, akaniambia, "Nyar Maragoli, huyu mtoto ameangaliwa na jicho." Sihoho, ndivyo Waluo wanaita jicho baya. Alikuwa amebeba dawa ya kuoshea kwa chupa ya soda. Sikumkosea heshima, nilimwambia, "Mama, asante kwa kuja, lakini hapo ndani hatukubaliwi kuingiza hata leso, wacha tuongee na daktari pamoja." Na nashukuru sana niliomba hivyo, juu daktari alivyotueleza mama alielewa kunishinda hata mimi.

Alituambia hivi. Mkojo wa mtoto kama huyu ni dirisha. Fangasi ikiingia kwa damu, figo ndizo zinachuja damu yote ya mwili mara kwa mara, kwa hivyo kandida inapenda kunasa huko, inashika, inaota nyuzi ndefu kama mizizi ya mmea. Halafu kidogo kidogo inashuka kwa mkojo. Kalcha ya damu inaweza kuikosa kabisa, kwanza kwa mtoto mdogo unachukua damu kama mililita moja, fangasi haiko kwa kila tone. Kwa hivyo damu kuwa safi haimaanishi damu ilikuwa safi wiki iliyopita. Akasema wale watoto wa chini ya gramu 1000 wenye kandida kwa mkojo peke yake, hatari yao ya kufa ama kubaki na shida za ubongo inakaribia ya wale ambao imepatikana kwa damu. Nilipoandika hiyo sentensi kwa daftari kalamu ilikuwa inatetemeka. Mama akauliza swali moja, "Sasa imefika wapi?" Daktari akasema, hiyo ndio tunaenda kutafuta.

Lakini kwanza alitaka kuhakikisha ni kweli. Ule mkojo wa kimfuko unapita juu ya ngozi ya mtoto, na ngozi ya sehemu za pampasi ndio kandida inapenda, kwa hivyo kimfuko kinaweza kudanganya. Akachukua mwingine kwa sindano nyembamba, juu kidogo ya kinena, moja kwa moja mpaka kibofuni, huku akiangalia na mashine ya skeni. Sikuweza kuangalia. Iliisha kwa sekunde kadhaa, akalia ile sauti yake ya kipaka, na saa hiyo hiyo hawakungoja jibu, dawa ikaanzishwa. Hapo ndio nataka mama mwenye mtoto njiti ashike: ukiambiwa mkojo wa kimfuko una fangasi usikubali iishie hapo pande zote mbili, isiishie kwa "hiyo labda ni uchafu wa ngozi" na isiishie kwa "ni fangasi tu". Uliza kwa upole, daktari, mtarudia kwa kateta ama sindano? Siku mbili baadaye jibu likarudi, kandida ile ile.

Halafu wakaanza kutafuta. Maji ya uti wa mgongo, kuona kama imefika kwa ubongo. Skeni ya kichwa kupitia utosi. Ya moyo. Ya figo, ini na wengu. Daktari wa macho akaja na matone ya kupanua mboni, na kwa sababu alikuwa anakaribia wiki nne tangu azaliwe akaangalia na ile shida nyingine ya macho ya watoto njiti kwa safari moja. Macho safi. Moyo safi. Maji ya mgongo safi, hapo nililia. Figo ya kushoto safi. Figo ya kulia, ndani pale mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka, kulikuwa na kitu cheupe kidogo, na pale palikuwa pamevimba maji kiasi.

Mpira wa fangasi. Sikuwa najua kitu kama hicho kiko duniani. Zile nyuzi zinajiviringa pamoja na chembe za mwili zinakuwa donge, na donge likikua linaweza kuziba njia ya mkojo, mkojo unarudi nyuma unaharibu figo. Wengine wanahitaji mpira wa kutoa mkojo kutoka kwa figo yenyewe ama hata upasuaji. Letu lilikuwa dogo na mkojo ulikuwa bado unapita, wakasema tutibu na dawa, tuangalie kila wiki.

Sasa dawa yenyewe. Inaitwa amfoterisini B, masista wanaiita amfo, ni ya rangi ya manjano, na nilikuja kuipenda na kuiogopa kwa wakati mmoja. Ilitoka kwa kiumbe kidogo cha udongoni kilichopatikana karibu na mto Orinoco huko Venezuela miaka ya 1950, hii nilisoma usiku mmoja nikiwa nakamua maziwa na sikuweza kuisahau, kwamba udongo wa kando ya mto wa mbali hivyo ndio unampigania mtoto hapa kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. Dozi yake ni miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku. Wangu wakati huo alikuwa amefika gramu 1,010, kwa hivyo miligramu 1. Chupa ni ya miligramu 50. Fikiria hiyo hesabu, sista akipunguza na kupunguza na maji ya sukari, kamwe si ya chumvi, maana kwa chumvi dawa inaganda, mpaka abaki na kile kidogo kinachoingia polepole kwa pampu ya sirinji masaa kadhaa. Nilikuwa naketi nikiangalia ule mstari wa manjano ukitembea kwa mrija.

Kuna amfo nyingine iliyofungwa kwa mafuta, watu wanasema ni ya kisasa na haiumizi figo sana, na baba ya mtoto aliuliza kama tuchange pesa tupate hiyo. Daktari akamwambia hapana, kwa ugonjwa ulio ndani ya figo na mkojo ile ya mafuta haifiki huko vizuri, hii ya zamani ndio inafika. Na kuna kundi lingine jipya la dawa za fangasi ambazo zinaponya damu vizuri kwa watu wengi lakini kwa mkojo hazipiti. Kwa hivyo ukiwa na ndugu ng'ambo anayekwambia atatuma dawa bora zaidi, mwulize kwanza daktari wako kama hiyo bora inafika pale ugonjwa uko.

Wakati huo huo waliitoa ile laini ndefu, siku hiyo hiyo dawa ilipoanza. Kandida inashika kwa plastiki inajijengea utando, dawa haipenyi hapo, ukiacha laini ni kama unapiga deki na bomba bado linavuja. Ilimaanisha kutobolewa upya mara nyingi, mikono na miguu ikawa na alama, siku moja walitumia mshipa wa kichwa. Hii ilikuwa ngumu kwangu kuliko mengine yote. Antibayotiki pia wakazipunguza, zile ambazo hazikuwa na kazi tena wakasimamisha.

Amfo inakula potasiamu, yaani inashusha hayo madini kwa damu. Kila baada ya siku moja mbili damu inapimwa, potasiamu, kreatinini ya kuonyesha figo ziko aje, na kila pampasi inapimwa kwa mizani kujua amekojoa kiasi gani. Nilijifunza kuuliza masista asubuhi, "Sista, usiku amekojoa ngapi?" kabla hata sijauliza uzito. Siku ya tano ya dawa potasiamu ilishuka, wakaongeza kwa dripu. Siku hiyo hiyo wakarudia mkojo, kandida bado iko. Nilivunjika moyo, nikatoka nje nikaketi na Mama Pacha wa Bungoma, mwenzangu wa chumba cha kukamulia maziwa, hakusema neno, alinipatia kikombe cha uji wake nikanywa nusu. Siku ya nane wakarudia tena. Safi.

Mnisikie hapa vizuri, juu hapa ndipo wengi tunakosea. Ile siku mkojo umekuwa safi hesabu ndio inaanza, kuanzia kalcha ya kwanza safi unahesabu angalau siku 14, wala huhesabu kutoka siku ya kwanza ya dawa. Kama ingekuwa imefika kwa ubongo ingekuwa zaidi. Na mtoto siku hizo anaonekana mzuri! Tumbo limeshuka, maziwa yanakaa, anapumua bila kusahau, gramu zinapanda. Mume wangu akauliza kama tunaweza kupunguziwa siku, bili ilikuwa inapanda na sisi tulikuwa tunalala kwa mafungu, mimi hospitali na yeye nyumbani na mtoto wetu mkubwa. Sikumlaumu. Daktari alimwonyesha picha ya figo, kile kitu cheupe bado kiko, kimepungua lakini kiko, na kwa sababu hiyo tuliongezewa wiki moja nzima juu ya zile mbili. Jumla ilikuwa siku 29.

Siku 11 za kwanza zilikuwa amfo. Halafu maabara ikaleta jibu la dawa gani zinaiua, ikawa ni aina ya kandida albikansi na inasikia flukonazo, yaani inauliwa na hiyo dawa nyingine ya fangasi, na kwa kuwa alikuwa hajawahi kupewa flukonazo ya kinga tulihamia huko. Flukonazo sehemu yake kubwa inatoka mwilini kwa mkojo bila kuharibika, yaani inapita pale pale unapoitaka. Dozi ya kwanza ilikuwa kubwa, miligramu 25 kwa kilo, halafu 12 kwa kilo kila siku, kwanza kwa mshipa, baadaye kwa mdomo kupitia ule mpira wa maziwa. Siku ambayo hakukuwa na sindano yoyote mwilini mwake nilimshika kifuani ngozi kwa ngozi, kangaruu, masaa sita bila kuinuka. Lakini usihamie flukonazo kwa kubahatisha, kuna kandida zingine kama krusei hazisikii flukonazo kabisa tangu zilipoumbwa, ndio maana lazima maabara iseme ni gani.

Ile ya kinga nayo, yule mama wa Kakamega aliniuliza mbona hatupewi wote mapema. Ushauri ninaoujua ni kwamba kwa nasari, yaani wodi za watoto wachanga, ambazo fangasi ni nyingi, watoto wa chini ya gramu 1000 wanapewa flukonazo kidogo mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, na pale ambapo haiwezekani kuna nistatini ya mdomoni, ile ile ya manjano tunayojua kwa utando mweupe wa mdomo. Nistatini iligunduliwa na wanawake wawili Wamarekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka wa 1950. Uliza nasari yako wanafanya aje. Kuuliza si kukosa adabu.

Na kuna jambo moja nilibeba peke yangu wiki nzima kabla ya kulisema. Wakati wa mimba nilikuwa na fangasi ya ukeni, nilijua, niliambiwa nitumie dawa nikatumia siku mbili nikaacha. Nilipomwambia daktari nilikuwa naangalia sakafu. Akaniambia mtoto anaweza kuipata kwa mama na anaweza kuipata kwa mikono ya mtu yeyote aliyemgusa, pamoja na yake yeye daktari, na hakuna kipimo alichofanya kinachosema ilitoka kwangu. Halafu akaniambia nirudi kliniki yangu nitibiwe vizuri. Nilifanya hivyo wiki hiyo. Na tangu siku hiyo nikawa yule mama wa kukumbusha wageni: pete toa, saa toa, kucha kata, simu iache nje, osha mpaka kiwikoni. Dani alivua bangili yake ya shaba aliyovaa tangu aolewe, ilibidi tumpake sabuni ndio itoke, akaiweka kwa mkoba na hakuirudisha mpaka mtoto alipotoka hospitali.

Tulitoka akiwa na gramu 2,050. Sai ana miezi saba, ukitoa ile miezi mitatu aliyokuja mapema ni kama ana minne, na anacheka akisikia pikipiki. Figo tumeskeni mara mbili tangu tutoke, ya mwisho ile ya kulia haikuwa na kitu cheupe tena, uvimbe wa maji umebaki kidogo sana. Jumanne tunarudi kuangalia tena, na Alhamisi ni kliniki ya macho.

Yule mama wa Kakamega amenitumia ujumbe leo mchana. Walirudia mkojo kwa sindano na amfo imeanzishwa jana saa nne usiku, skeni ya figo ni kesho asubuhi.